Bajia za Temeke na Ulimi wa Kuazima

Saa kumi alasiri, uani kwake Temeke, Mwanakombo binti Marijani anakoroga kwa mkono unga wa dengu wa bajia zake za kuuza, kitunguu na giligilani vikichungulia kati ya vidole. Mafuta yakichemka, anapaza sauti juu ya ua wa makuti: "Mama Ansbert, niazime ulimi."

Jirani yake Kokushubila, Mkristo wa kutoka Bukoba, anakuja akifuta mikono. Bajia ya kwanza ni yake. Anaitafuna taratibu kama hakimu, huku mwenye bajia, aliyefunga, akimtazama mdomo.

"Chumvi bado."

Ndivyo ilivyo kila Ramadhani, mwaka wa sita huu. Mwanakombo anajua kuwa mpishi anaruhusiwa kuonja na kutema, lakini hataki kuichezea saumu yake.

Bajia alifundishwa na mama wa Kihindi ambaye kwake alikuwa akifua nguo mjini. Leo Temeke nzima inaziita zetu. Mpagazi wa bandarini akifuturu kwa bajia tano na chatini ya nazi, usiku hakumbuki njaa. Dengu, asema Mwanakombo, ni nyama ya asiye na nyama.

Mwaka huu Ijumaa Kuu iliangukia ndani ya Ramadhani, na Kokushubila naye akafunga. Mwanakombo akatia chumvi kwa kukisia. Kokushubila, akipita kwenda kanisani, akamwonea huruma na kutia chumvi yake kimyakimya. Magharibi ile mitungi ya maji ya mtaa mzima ilikauka kwa kiu. Hakuna aliyerudisha bajia, ila wanawacheka mpaka leo.

Sasa Adelard, mume wa Kokushubila, karani, amehamishiwa Tabora. Gari moshi lao ni kesho jioni, na leo watu wanatazama mwezi.

Kila asubuhi ya Idi, Kokushubila ndiye hukaanga na Mwanakombo huonja. Wenyewe wanaita kurudisha ulimi. Mwezi usipoandama, kesho bado ni saumu, na ulimi hautarudishwa.

Mwanakombo hafichi kuwa roho inamuuma. Anaomba mwezi uonekane. Na usipoonekana?

"Basi mie nibaki na deni lake," anasema, akigeuza bajia. "Mdai hachoki kuja."

 Kokushubila anachukua bajia ya pili, ambayo haihitaji kuonjwa, na kuila yote, ili deni lizidi.