Mchanga Mweupe na Yungiyungi la Mama

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nionapo tangi la kioo lililo tupu, kama hilo ulilonijia nalo ukaniuliza tutandaze nini chini yake. Litue kwanza, ukae.

Nilikuwa bibi harusi mpya, nimetolewa Adu, bara, nikaletwa Watamu, pwani. Mume wangu, fundi wa vioo, aliunganisha mabaki ya madirisha akanitengenezea tangi, kwa kuwa mama yangu alikuwa amenifungia kwenye kanga mzizi wa yungiyungi kutoka kidimbwi cha nyumbani. "Ukitukumbuka, litazame hili," aliniambia. Nami niliwakumbuka mno. Watamu kulikuwa kuzuri, lakini usingizini nilikuwa Adu, nimesimama kidimbwini, maji ya uvuguvugu yakinifika magotini.

Basi nikashuka ufuoni nikachota mchanga. Wewe waujua mchanga wa Watamu, mweupe, laini kama unga. Nikauosha mpaka chumvi ikatoka, nikautandaza, nikapanda mzizi wangu. Asubuhi jua likipenya dirishani, mwanga wa yale maji ulikuwa ukicheza darini, nami nikilala chali kuutazama mpaka chai ikapoa. Nikasema moyoni, hapa nitapazoea.

Jani la kwanza lilichipua, likawa manjano. La pili likafuata njia hiyo hiyo. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini nani aliyewasikiliza? Nililaumu maji, nikalaumu jua, nikamlaumu hata mume wangu na vioo vyake, maskini. Mzizi ulipoanza kulainika nililia, maana niliona kwetu kunanifia mkononi.

Mama mkwe alinikuta nalia. Hakuniuliza mengi. Alichukua mchanga kidogo kwenye kisahani, akaukamulia ndimu. Ukatoa povu taratibu.

"Waona? Huu ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Wazee wetu wakiyachoma wapate chokaa. Wewe waweza kupanda mchicha kwenye chokaa?"

"Nimeuosha lakini, mama."

"Umeosha chumvi. Chokaa haioshwi, yaingia majini kidogo kidogo." Kisha akauliza, "Kwani yungiyungi hili huko kwenu laota wapi?"

"Kwenye tope, mama. Tope jeusi."

Kesho yake aliondoka mapema bila kusema aendako. Jioni akarudi kutoka Adu, ndoo ya tope kichwani. Fikiri, mwanangu: mama mzima kwenda ukweni kwa mwanawe, mahali pa kuendea na kanga mpya na zawadi, yeye aenda kuomba tope. "Mamayo akusalimu," aliniambia akiitua ndoo. "Amecheka, kisha akalichota mwenyewe."

Nilitia mkono ndooni, nikalinusa lile tope, nikawa Adu nikiwa macho. Tukaumwaga ule mchanga, tukakipanda upya kipande cha mzizi kilichobaki kigumu, mimi na yeye. Ua lilipochanua nilimwita yeye kabla ya mume wangu.

Kwa hiyo usidanganywe na weupe. Mchanga wowote ukamulie ndimu. Ukitoa povu, urudishe pwani. Chini tandaza tope la kidimbwi au la mto, lililoondolewa majani yaliyooza. Juu yake funika mchanga wa mto wenye chembe nene, uliouosha vizuri. Maji yamimine polepole juu ya sahani uliyoilaza mchangani, tope lisitibuke, na uyaache yatulie siku kadhaa kabla hujatia samaki. Haraka haraka haina baraka.

Na siku utakapomleta mtu nyumbani kwako, usimpe mahali pazuri ukadhani umemaliza. Muulize kwao kulikuwaje. Mungu akujaalie ushike mizizi popote utakapopandwa, na ukianza kunyauka, umpate wa kukubebea tope la kwenu.