Miwani ya Mama Miwani

Mama Miwani hakuwahi kuwa na miwani. Jina alilipata kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kwa sababu kila alipopewa kitu cha kusoma alijipapasa mifukoni, akakunja uso na kusema, "Jamani, miwani nimeiacha nyumbani. Hebu nisomee wewe, kwa sauti, nione kama umeelewa."

Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Doa la damu kwenye shuka aliliona akiwa mlangoni. Zenye matatizo zilikuwa herufi. Tangu darasa la kwanza zilimgeuzia mgongo, zikahamishana viti, zikamwachia neno ambalo halipo duniani. Mwalimu wake, bingwa wa kutibu matatizo yote ya watoto kwa fimbo moja, alimwita kichwa kizito na kumkabidhi kazi ya kufuta ubao. Akamaliza shule akiwa ameifuta elimu ya darasa zima kwa mkono wake.

Kazini hila yake ilimpeleka mbali. Wenzake walidhani wanapimwa, wakawa wanasoma maelezo ya dawa za kufulia kwa adabu, neno kwa neno. Bosi wa hospitali akaona, akapenda, akaiita nidhamu. Akaamuru jikoni nao wasome kwa sauti, stoo nao wasome kwa sauti, mpaka hospitali ikavuma kama darasa lililokimbiwa na mwalimu. Kisha akampandisha Mama Miwani kuwa msimamizi wa zamu.

Asubuhi ya kukabidhiwa cheo, wenzake walimletea zawadi kwenye kasha dogo. Miwani ya kusomea.

Mama Miwani alilitazama kasha kama mtu aliyeletewa nyoka.

"Vaa basi, mama," alisema mpiga pasi, aliyezunguka kukusanya mchango. "Tumechoka kukusomea."

Akavaa. Bosi akamsogezea dumu la dawa mpya ya kufulia, kali, ambayo ukikosea kipimo chake shuka inamchuna mgonjwa. "Tufungulie kazi, msimamizi. Soma."

Herufi zikawa kubwa zaidi, basi. Zilikuwa vijidudu, sasa zikawa vijidudu vilivyonenepa. Angeweza kukohoa. Angeweza kuzimia, na hospitali ndiyo hiyo hapo. Lakini shuka zilikuwa zinasubiri, na watu wangezilalia.

"Miwani ni mizuri," alisema. "Mimi sijui kusoma."

Mashine moja tu ndiyo iliyoendelea kuzunguka.

"Unatutania," alisema mpiga pasi.

"Sitanii. Nilijaribu mpaka nikachapwa. Hazikai."

"Mama, si wewe uliyenirudisha mara tatu, ukasema sijaelewa?"

"Mimi ndiye niliyekuwa sijaelewa."

Bosi alitafuta kiti, akakosa, akakalia kapu la foronya chafu.

"Lakini nimewalazimisha wapishi," alisema kwa sauti ndogo. "Nimemlazimisha daktari wa meno. Nimekisifu kitu hiki kwenye mkutano."

"Nilisikia, bosi. Nikaogopa kukukatiza."

"Hiki cheo sasa... itabidi nifikirie."

"Fikiria hapahapa, tusikie. Ni mkate wangu huo."

Bosi, kwa mshtuko, akafikiria kwa mdomo. "Nikimtoa, namweka nani? Mpiga pasi anachelewa, na pasi yake imekula mapazia mawili. Huyu wa kukausha analala juu ya mashine, anadhani sioni. Yule wa kupokea nguo ni mpwa wangu, na hata mama yake hamtaki."

Kila mmoja akapokea lake, akainama. Mpwa akaangalia dari.

"Abaki," bosi alimaliza, kisha akashangaa, kama neno limetamkwa na mtu mwingine. "Ila asomewe na wawili."

Mpiga pasi, masikio yakimwaka, alilivuta dumu akaanza kusoma.

"Polepole," alisema Mama Miwani. "Rudia hapo penye maji."

Safari hii hakuna aliyedhani anapimwa. Akarudia.