Jina la Kaka Yangu Mgongoni mwa Walinzi

Wageni wa mashirika wakifika Uvira huuliza maana ya jina lililoandikwa mgongoni mwa walinzi wanaowafungulia mlango. Kuna waliojibiwa kwamba ni neno la Kifuliiru lenye maana ya ngome. Uongo mtupu. Ni jina la kaka yangu, aliyeuawa akilinda depo ya mafuta ya mawese kule Songo.

Aliyeanzisha kampuni hiyo ya ulinzi alikuwa mwenzake wa zamu. Alikuja nyumbani na dumu la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akapiga magoti mbele ya mama na kuliomba jina. Kwetu jina la marehemu huwekewa mtoto wa kiume atakayezaliwa katika ukoo, nami nilikuwa nimeoa juzijuzi tu. Nikakunja uso. Mama hakunitazama.

"Mulibebe," alimwambia. "Batu bamuite kila siku. Na mutoto wa huyu akizaliwa, tutamupa pia."

Nilichukia, lakini mama alipata raha yake. Mjini watu humwita mlinzi kwa jina la kampuni yake, basi mama akawa anakwenda sokoni kwa njia ndefu, apite kwenye mageti na kulisikia. Lilipotukanwa alilisikia pia: eti mlevi, eti kaiba betri ya jenereta. Siku hizo alirudi amenuna, akampikia mke wangu, aliyekuwa na mimba, ugali wa muhogo na ndakala, dagaa wetu wa ziwani.

Asubuhi moja redio ilitangaza kwamba mlinzi wa kampuni hiyo ameuawa kwa risasi kwenye barabara ya Nyakabere. Jina lake mwenyewe hawakulisema. Walisema la kampuni, tena mara mbili. Mama aliuweka mchi chini, akaketi na kunyoosha miguu vumbini kama siku ya matanga.

"Mama, huyo hatumjui," nilisema kwa ukali.

"Weye ndiye haumujui. Bamemuua tena."

Hilo hatukuwa tumelifikiria, hata mimi niliyejifanya mjuaji. Tulitaka jina liishi, tukawapa watu wanaosimama mbele ya bunduki wakiwa na rungu tu mkononi. Nilimwonea mama huruma, na nikajichukia kwa ule ukali.

Mwanangu alipozaliwa, wazee wa ukoo walikaa wakisubiri mama alitamke jina. Alimpakata muda mrefu, machozi yakimdondokea mtoto kwenye paji la uso.

"Hapana," alisema. "Huyu mumutafutie ingine."

Nilimsihi mbele ya wote. Ni kaka yangu, nilimwambia, nami namtaka nyumbani. Mama alinirudishia mtoto, akajifunika kichwa kwa kitenge.

Nikachukua jina la mtakatifu wa siku hiyo kwenye kalenda ya parokia. Ni jina zuri. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufa nalo.