Mwavuli wa Baba Mkwe

Miguu ya baba mkwe wangu naikumbuka kuliko uso wake. Alivaa mabuti ya mvua, moja lina kiraka cha mpira wa baiskeli, na juu ya mabuti ulikuwa mwavuli mweusi. Uso sikuujua. Kwetu Unyakyusani mkamwana hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami, hali naye, hataji hata jina lake, na wakikaribiana njiani mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Watumishi waliohamishiwa Tukuyu kutoka mikoa mingine walidhani tumegombana. Tugombane kwa lipi? Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mimi nikimwona kwa mbali natumbukia kwenye majani, yeye akiniona anashusha mwavuli kama pazia.

Niliolewa Bulyaga, mtaa wa hapo hapo Tukuyu, nikiwa na mdomo. Mama mkwe aliniambia mapema, "Mwanangu, huo mdomo utakuponza." Haukuniponza wakati ule, ulinipa udiwani. Yote yalianzia kwenye chemchemi. Watu wa mbali hushangaa, Tukuyu na mvua yote ile mnalilia maji? Jamani, mvua ni ya migomba! Mabomba ya mji yalikuwa yakikohoa kutwa na kutema kutu, kwa hiyo mtaa mzima ulikunywa chemchemi ya bondeni. Baba mkwe na wenzake ndio walioichimba na kuijengea mawe ujanani mwao, wakasema ni ya kila mtu.

Sisi wanawake tuliifagia, tukawafukuza waliokuja kuoshea matumbo ya nguruwe. Kivuko cha kwendea huko kiliposombwa na maji tulibeba mawe kichwani tukakijenga upya. Mabomba yalipokauka kabisa tulikwenda na ndoo tupu hadi ofisi za wilaya, tukakaa barazani tukiimba nyimbo za kanisani mpaka mkubwa akatoka kutusikiliza. Nilikuwa mbele siku zote, si kwa ushujaa, ila nilikuwa siwezi kunyamaza. Ulipokuja uchaguzi wa vyama vingi wenzangu wakaniambia, gombea. Nikakubali. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa karibu na soko, nami nimesimama juu ya meza ya muuza mitumba. Nikafungua mdomo. Nikaona mwavuli mweusi mstari wa mbele. Lo! Niliruka kutoka mezani na kujificha nyuma ya marobota ya nguo, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Diwani gani huyu anayekimbia mwavuli?" Tangu siku ile baba mkwe hakuja tena mkutanoni, na yeye alikuwa mtu aliyependa mikutano kuliko chakula. Aliiacha kwa ajili yangu. Niliposhinda alimtuma mama mkwe aniletee mkungu wa ndizi. "Kasema ni wa diwani," mama akaniambia. Hakuniita mkwe tena mpaka mwisho, kila salamu ilikuja kwa diwani. Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema.

Hizo zilikuwa zama za ruksa. Kila kitu kiliuzwa, na kisichouzwa kilisubiri mnunuzi. Akatokea mfanyabiashara aliyetaka bonde lile ajenge nyumba ya wageni, akasema ni pori lisilo na mwenyewe. Mkono mtupu haulambwi, na wake haukuwa mtupu. Nilipiga kelele halmashauri mpaka afisa ardhi akakubali jambo moja: mzee aliyechimba chemchemi aje athibitishe mbele ya kikao cha kata kwamba ni mali ya umma. Wenzake wote walikuwa wamekufa. Alibaki baba mkwe peke yake.

Mwenyekiti wa kikao hicho ni diwani. Yaani mimi.

Nikampelekea ujumbe kwa mama mkwe, aje bila wasiwasi, atakapofika mimi nitakuwa nimempisha. Siku ya kikao nilifungua mjadala, nikamwachia mwenzangu kiti, nikatokea mlango wa nyuma. Huko nyuma kuna njia nyembamba kati ya migomba, hapiti mtu. Niliichagua ili yeye apite mbele kwa heshima yake, mzee wa watu. Kumbe naye alikuwa amewaza hivyo hivyo, kwamba mbele ndiko aliko diwani, basi azunguke nyuma asinitie aibu mbele ya watu kama siku ile ya mezani.

Tukakutana kwenye kona. Mabuti, kiraka, mwavuli. Mimi nikarukia huku, yeye akashusha mwavuli na kugeuka alikotoka. Nilitaka kuita, lakini naitaje? Jina lake silitaji, sauti yangu hajawahi kuelekezewa. Nilibaki nimeinama kwenye matope nikisikia mabuti yake yakiteremka, chwa, chwa, chwa, mpaka yakanyamaza.

Niliporudi ndani afisa ardhi alikuwa anakusanya vitu vyake. Nikamweleza. Alikuwa mtu wa mbali, akacheka kweli kweli. "Diwani mzima unamkimbia mkweo? Shahidi hakuja, basi." Kesho yake mzee alikwenda mwenyewe ofisini kwa afisa huyo, akaambiwa kikao kimeshapita. Nilikata rufaa, nikagonga kila mlango, nikajibiwa nisizuie maendeleo. Ukuta ukajengwa. Chemchemi ikabaki ndani, na geti likapakwa rangi ya kijani.

Niliendelea na udiwani. Watu wananishukuru kwa madarasa na kwa kile kivuko. Ndaga fijo, wananiambia, asante sana, nami naitikia. Lakini nikipita kwenye lile geti moyo unaniuma kama jino bovu.

Baba mkwe alikufa msimu wa mvua, mabomba yamekauka kama kawaida. Maji ya kumwoshea hayakuwepo. Nilichukua ndoo, nikaenda kugonga geti la kijani. Mlinzi akaniuliza, "Maji ya nini?" Nikamwambia, ya kumwosha aliyeyachimba. Akanitazama, akafungua. Nilibeba ndoo ile kichwani nikilia njia nzima, maji yakinimwagikia usoni, hata watu hawakujua lipi chozi.

Walipomaliza kumwandaa nilibaki nje, nyuma ya ukuta wa nyumba, mahali pangu. Mama mkwe akanifuata, akanishika mkono. "Ingia umwone. Leo hakukimbii."

Nikaingia. Alikuwa na mdomo wa chini kama wa mume wangu, na mikunjo ya macho ya mtu aliyecheka sana maishani, kitu ambacho sikukijua. Mwavuli waliuegesha kando ya jeneza. Sijui kilichonipata. Nilisimama wima nikasema kwa sauti yangu ya kikao, "Karibu, mzee wetu. Kikao kinakusikiliza."

Wanawake wakadhani nimechanganyikiwa, wakanitoa nje.