Mashine Isiyojua Chinsoni

Nilihitimu gumbaru, shule ya watu wazima, nikiwa na miaka thelathini na tisa, na siku niliyopewa cheti Ikonge nzima ilisimama. Sawa, si nzima. Walisimama mke wangu, mama yangu na ng'ombe mmoja aliyefungwa karibu na dirisha la darasa. Lakini tangu siku hiyo nilisoma kila kitu kilichokaa mbele ya macho yangu: magunia ya mbolea, mabango ya wagombea, maandishi yaliyo chini ya sufuria. Watu wa kituo cha chai, pale tunapouzia majani yetu, wakaanza kuniita Profesa, wakidhani wananidhihaki. Niliitika.

Usomi wangu ulikuja wakati mzuri, kwa sababu macho ya baba yangu yalikuwa yanaondoka. Presha ya macho ilichukua jicho la kushoto, ikapumzika kidogo, ikarudia la kulia. Baba ni mzee wa kanisa letu la Sabato, na kwa miaka mingi ndiye aliyefundisha darasa la wachumba, yaani vijana wanaojiandaa kufunga ndoa. Darasa hilo alilipenda kuliko chai yake, na chai yake huisalimia asubuhi kama mtu. Alipopofuka, darasa likapewa mzee mwingine, mtu mwema kabisa, ila akifundisha, wachumba husinzia wakiwa wameshikana mikono. Wazee wakamwambia baba kwamba siku atakapoweza kujiandaa tena, kiti chake kipo.

Basi kila Jumapili alasiri nikawa namsomea gazeti, kisha kitabu cha darasa hilo. Kina sura kumi na mbili. Nilisoma kwa sauti ambayo, upepo ukiwa mzuri, ilifika soko la Ekerenyo, mbali na kwetu. Sura ya saba sikuisoma.

Sura ya saba inahusu kitanda. Imeandikwa kwa heshima, na maneno yake ni ya kanisani, lakini kitanda ni kitanda, na sisi Abagusii tuna chinsoni. Kuna mambo ambayo mtoto na mzazi hawayataji wakiwa pamoja wala hawayasikii wakiwa pamoja, na yakianza kusikika, mmoja wao hukumbuka ghafla kwamba ndama hajanyweshwa maji. Mwanamume mzima kama mimi, mwenye watoto wanne na cheti, nitamsomeaje baba yangu kurasa zile? Nikimaliza sura ya sita nilikuwa nakohoa kidogo, nafunua kurasa kadhaa kwa mkupuo, naingia ya nane inayohusu bajeti ya nyumba. Baba hakuuliza kitu. Nikaamini kikohozi changu kilikuwa cha kitaalamu.

Tulikwenda hivyo miaka sita. Kisha siku moja baba alirudi kutoka kliniki ya macho mjini Kisii akiwa na habari mpya. Kwenye foleni alikuwa amekaa na mwalimu wa watoto wasioona, na mwalimu huyo akampa kifaa akishike: kidogo kama kipande cha sabuni, vitufe vyake vina alama za kupapasa, unatia memori kadi yenye kitabu nacho kinakusomea kwa Kiswahili. Zamani, mwalimu alimwambia, vifaa vya namna hiyo vilikuwa na bei ya shamba. Siku hizi vimeshuka hadi bei ya beberu mmoja. Baba alikuwa na beberu mmoja.

Niliumia, sitaficha. Siku tatu mfululizo nilimlalamikia mke wangu kwamba baba ana profesa wa bure hapo nyumbani, naye anataka kuuza beberu anunue sabuni inayoongea. Mke wangu akaniuliza kama kile kikohozi nacho kimo katika huduma ya profesa.

Beberu akaenda sokoni. Mwalimu yule akakipiga picha kitabu chetu ukurasa kwa ukurasa, akakiingiza kwenye kifaa, na Jumapili moja nikakileta nyumbani. Hapo ndipo nilipofanya kosa. Ningempa baba kifaa mkononi na kwenda zangu. Lakini mimi ni mtu wa maonyesho. Niliita boma lote: mama, ndugu zangu wawili, wake zetu, na dada yangu aliyeolewa Suneka ambaye alikuwa amekuja kutusalimu. Nikasimama mbele yao nikaeleza kila kitufe kama rubani anayekaribia kuruka. Nikapandisha sauti hadi mwisho ili hata majirani wafaidi. Kina akili, nikawaambia, hukumbuka mahali kilipoachiwa na kuendelea hapo hapo. Sikujiuliza mwalimu alipokuwa akikijaribu alikiachia wapi.

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Mama wa Pwani hivi, asiye na haraka, anayetamka kila herufi na kuipa haki yake. Akasema, "Sura ya saba," akaendelea.

Sijawahi kuona nyumba ikihamwa vile. Wake zetu walitoka kwanza, mmoja mlangoni na wawili sijui wapi, kwa sababu nyumba ile ina mlango mmoja tu. Ndugu zangu walikumbuka ndama, na hatuna ndama. Mimi nilijikuta katikati ya chai, mstari wa tano, nimeshika jani. Nyuma alibaki baba akipapasa meza, akitafuta kitufe ambacho hakuna aliyemwekea kidole chake juu yake, na mama kando yake, na yule mwanamke akizidi kueleza mambo, polepole, kwa sauti iliyofika kituo cha chai na kugeuka. Shambani hakuna aliyemtazama mwenzake. Sote tulichuma chai kwa bidii, bila vikapu, siku ambayo kituo kimefungwa.

Baada ya muda niliouona kama mwaka mzima, kifaa kilinyamaza. Mama alikuwa amekipata kitufe.

Jua lilipokuwa linashuka nilirudi kuomba radhi bila kutaja ninachoombea radhi, maana hata hiyo ni chinsoni. Baba alikuwa kwenye benchi nje, kifaa juu ya goti. Nikamwambia ile mashine ina sauti kubwa kupita kiasi. Akakubali kwamba sauti inayo. Nikamwambia naweza kuirudisha kwa aliyetuuzia, beberu tutatafuta mwingine. Akaifunika kwa kiganja.

"Kijana," akasema, "miaka sita umenisomea kitabu cha sura kumi na moja."

"Kina kumi na mbili, Tata."

"Najua."

Hapo nikaelewa. Angerudije kwenye darasa la wachumba bila sura ile? Ndiyo sura wanayoijia. Zile nyingine wanazivumilia. Alikuwa amejua tangu kikohozi cha kwanza, na chinsoni ile ile iliyonizuia kusoma ilimzuia yeye kuuliza. Wanaume wawili wenye adabu walikuwa wamekalia darasa lake miaka sita. Kumbe sauti yangu hakuichoka. Alitaka tu msomaji asiye mwanawe.

Kesho yake nilileta eafoni. Nikamfundisha vitufe vyote kwa kutumia sura ya kwanza, na hapo kazi yangu ikakoma. Njia ya kufikia ya saba aliachiwa mama, ambaye hajui kusoma hata jina lake, ila vidole vyake vimechuma chai miaka hamsini na havipotezi kitu. Wiki zilizofuata niliwaona chini ya migomba kwenye benchi moja, eafoni moja sikioni kwa baba, ya pili sikioni kwa mama, waya ukiwafunga pamoja, na mama akicheka hadi kujifuta macho kwa leso. Nikazunguka mbali. Nilizunguka kwa njia ya Ekerenyo, kama unataka ukweli wenyewe.

Wazee wa kanisa walikuja nyumbani kumsikiliza, wakamhoji, wakimtoa sura moja na kumrusha nyingine, naye akawajibu zote bila kukwama. Kiti akarudishiwa.

Sabato ya sura ya saba ilipofika, nilimshika mkono hadi mlango wa darasa, nikarudi nyuma hadi kwenye ua. Mwana hakai darasani baba yake akifundisha hayo. Nilisikia kicheko cha watu wengi kwa pamoja, halafu kimya cha watu wanaosikiliza kweli. Hakuna aliyesinzia. Walipotoka, wachumba walitembea wawili wawili wakitazama viatu vyao na kutabasamu.

Njiani kurudi nilitaka kujua kila kitu na sikuweza kuuliza chochote. Nikauliza kama mabenchi ya mle ndani hayajaanza kulegea. Akasema yako imara. Nikauliza kama anasikia mvua ikija. Akasema anaisikia, na chai itafurahi. Tulipofika kwenye mteremko wenye tope akanibana mkono kidogo.

"Gazeti bado utanisomea wewe," akasema. "Yule mama wa Pwani hajui kukohoa."