Tuseme Mama Umekufa

Ofisini kwetu Kibaha mimi ndiye mtu wa "tuseme". Tuseme moto umewaka, nani ana funguo? Tuseme dereva kaugua? Walinicheka weee, mpaka siku waya ulipowaka kweli, tukaponea mlango wa nyuma, ule niliogombana na watu wasiurundikie makaratasi. Basi kichwa kikanivimba. Nikadhani hakuna jambo lisilowazika.

Jumapili moja nikaenda kwa mama, Vihingo, huko Kisarawe, alikohamia na baba na ng'ombe wao kutoka kaskazini nikiwa mchanga. Shikamoo, marahaba, nikapewa kisu tumenye mihogo. Sikungoja hata jasho likauke.

"Mama, tuseme umekufa leo. Tukuzike hapa au tukurudishe kaskazini?"

Mama mwingine angenirushia muhogo. Yeye alicheka. "Hapa hapa. Kule wengi walionijua wameshatangulia."

Miaka yote tuliamini angetaka kurudishwa, na wajomba wangetutoa macho msibani tusipomrudisha. Swali moja tu, ugomvi umekwisha. Nikajisifu moyoni, nikaendelea: avikwe kanga ipi, nani asiguse jeneza, ng'ombe abaki nao nani. Alijibu yote, lakini kila jibu lilikuwa fupi kuliko lililotangulia. Niliona, nikapuuza.

"Umemaliza kunizika?"

"Bado kidogo, mama."

"Basi na mimi nina langu."

Nililijua kabla hajalitamka. Tulizaliwa mapacha. Tukiwa na miaka mitatu homa ilitukamata wote siku moja, baba yuko porini na ng'ombe, zahanati mbali, na mama ana mgongo mmoja. Alinibeba mimi. Aliporudi kumchukua mwenzangu, alimkuta ameshakata roho. Tangu nipate akili nimetaka kujua kama anajuta, na sijawahi kuthubutu kuuliza.

"Tuseme siku ile imerudi," alisema, macho kwenye muhogo. "Nimeshika mbeleko, nyote wawili mnalia."

Si ningenyamaza tu! Lakini mdomo uliniponza kichwa.

"Ungembeba nani?"

"Yeye." Hakusita hata kidogo. "Kila siku nambeba yeye. Sasa hivi ni mtu mzima, ana watoto. Anakuja kuniona bila kuitwa. Hajawahi kunikera hata mara moja."

Nilipandwa na hasira, tena ya wivu, kumwonea wivu maiti wa miaka mitatu. Nilitaka kumwambia kuwa huyo mtoto wake mwema hayupo, kwamba angekua, naye angemkera kama mimi. Badala yake sauti ilinitoka ya kitoto.

"Na mimi je, ukirudi kunichukua?"

"Nakukuta umekufa."

"Unalia?"

Akaweka kisu chini, akafikiri kweli kweli, maana mama yangu si mwongo.

"Zamani nilikuwa nalia," akasema.