Makopo Yaliyoachwa Wazi

Majirani walimwita Mama Mizani, ingawa hakuwa na duka wala genge. Mizani yenyewe ilikuwa ndogo kama daftari, imekaa kwenye meza ya plastiki katika chumba cha nyuma. Kazi yake ilikuwa kupima unga na chengachenga nyeupe gramu tano tano, kuzitia kwenye vifuko na kubandika lebo. Kazi hiyo alipewa na mwenye duka aliyeuza vifaa kwa watu wanaojitengenezea bia majumbani. Watu hao hawaridhiki na maji ya bomba. Hutia jasi kidogo ili uchungu wa bia ukolee, chumvi ya kalsiamu ili iwe laini mdomoni, na kipande cha kidonge cha kuondoa klorini, la sivyo bia hunuka dawa. Mama Mizani hakuwahi kuonja bia maishani mwake, lakini aliyashika yote hayo kama sala.

Miaka mitano aliifanya kazi bila doa. Kisha mama mkwe akahamia.

Alikuja na sanduku moja, na akili iliyokuwa ikimtoka kidogo kidogo. Wifi ndiye aliyemleta. "Mwezi mmoja tu, wifi yangu, nipumue," alisema mlangoni, bila hata kukaa. Mwezi huo ulikuwa sasa umefika wa kumi na moja. Mume alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Alikuja kila baada ya wiki tatu, akala, akalala, akaondoka. Basi kubadilisha shuka, kuogesha, kulisha uji kijiko kwa kijiko, kujibu swali moja mara ishirini, yote yalikuwa ya Mama Mizani. Akiketi kwenye mizani saa nne asubuhi, mgongo ulikuwa umeshabeba uchovu wa siku nzima.

Mvua zilipoanza, akaona jambo. Vifuniko vya makopo yake alivyovikaza jioni alivikuta vimelegea, vingine vimelala kando ya kopo. Akajilaumu. Mtu aliyechoka hivi, alijiambia, husahau hata jina lake. Akawa anavikaza tena na kuendelea kupima.

Asubuhi moja mwenye duka akaja na boksi la vifuko vilivyorudishwa.

"Dada, sijaja kugomba," alisema, akamwaga vifuko mezani. Chumvi ya kalsiamu ilikuwa imeshikana mabonge yenye majimaji. "Hii inanyonya unyevu hewani. Hata ile isiyoganda imeshiba maji. Mteja anadhani katia gramu tano, kumbe nyingine ni maji matupu. Na vidonge vimepoteza nguvu. Watatu wameniambia bia yao inanuka kama plasta ya kidonda. Unaviweka wapi?"

Akamwonyesha rafu. Palikuwa pakavu, pana kivuli, mbali na jiko. Mwenye duka akatikisa kichwa, haelewi.

"Jasi haina neno," alisema akiligonga kopo kubwa. "Ni jiwe lililosagwa tu, hata uiache wazi mwaka mzima. Lakini hizi nyingine, kopo likikaa wazi tu, zimekwisha."

Kesho yake Mama Mizani alianika nguo uani, akasimama nyuma ya shuka karibu na dirisha. Mama mkwe akaingia chumbani taratibu. Akafungua kopo la kwanza, akachungulia, akagusa kwa ncha ya kidole, akaonja, akakunja uso, akahamia la pili. Hakufunga hata moja.

Mama Mizani akaingia. "Unatafuta nini, mama?"

"Sukari," alijibu yule mzee. "Watoto wanarudi kutoka shule sasa hivi, na chai haina sukari."

Watoto wenyewe ni yule dereva na yule wifi, wote vichwa vimeshaota mvi.

Akatia rafu mlango na kufuli. Siku mbili mama mkwe alisimama pale akivuta kufuli, hadi kucha ikachanika, akalia kimya bila kujua anachokililia. Mama Mizani akampigia wifi simu.

"Wifi, nimechoka."

"Najua, dada. Mwezi ujao nitaangalia."

Akakata simu, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Halafu akampigia mwenye duka. "Si mvua," alimwambia. "Ni mama mkwe wangu anafungua makopo. Tena anatia kidole. Mimi nilidhani ninasahau. Zile zilizobaki sitazifunga vifukoni, nitazimwaga. Ukitaka kumpa mwingine kazi, sitakulaumu."

"Na mimi nina baba nyumbani," alisema mwenye duka. "Mwaga. Nitakuletea mpya. Kila kopo uandike tarehe uliyolifungua, kufuli libaki."

Chumvi iliyoharibika aliimimina kwenye ndoo ya maji. Maji yakapata joto, kama yanavyofanya yakikutana na chumvi hiyo. Akaizungushia ndoo mikono kwa nje, akaegemea pale hadi joto likaisha. Hakukumbuka ni lini alishika kitu cha moto ambacho hakikuwa sufuria ya mtu mwingine.

Baadaye akatoa lile kopo kubwa la jasi, ambalo halingeuzwa tena, akaliweka kwenye kimeza cha chini karibu na dirisha, pamoja na kijiko na vikombe vinne vya bati. "Sukari hii hapa, mama," alisema. Uongo huo haukumpendeza, lakini hakuwa na mwingine. Mama mkwe akaketi. Akachota kijiko kwa kila kikombe, akasawazisha kwa kidole, akarudisha vyote koponi, akaanza upya. Siku hiyo hakuuliza swali lolote hadi mchana.

Mume aliporudi, Mama Mizani hakumwandalia maji ya kuoga. Alimwita chumba cha nyuma akamwonyesha mama yake. Yule bwana alivua kofia.

"Unasubiri nani, mama?" aliuliza.

"Wanangu."

Bwana akatoa simu. Akaomba ruhusa kazini, akapewa siku nne. Wifi hakuja. Siku ya kwanza Mama Mizani alikwenda kwa dada yake, akavua viatu mlangoni, akalala asubuhi ile mpaka asubuhi ya pili, na hakuna aliyemwamsha.